Sindano ya Kumjaribu Mama

Juzi hapa Kasongo nilikuwa kwa muuza filamu, nangoja aniwekee nyimbo kwenye simu, mama mmoja alipoingia na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Mama aliweka mkono wake juu ya meza. Kiganjani kulikuwa na kitundu chekundu, kimevimba.

«Ile filme uliuzisha huyu mutoto iko ya namna gani?»

Muuzaji alijibu bila wasiwasi. «Ya maroboti yenye kufanana na watu, mama. Haina mambo ya uchi. Iko muzuri kwa watoto.»

Mama akamgeukia bintiye. «Mwambie kile ulifanya.»

Binti aliinamisha kichwa. Katika filamu hiyo, alisema, roboti linavaa sura ya mzazi na kuhamia nyumbani kwake. Na mama yake alikuwa amerudi karibuni kutoka Salamabila, alikowapikia wachimba dhahabu karibu mwaka mzima. Amekonda, haongei sana. Basi mchana, mama alipolala, akamchoma sindano.

«Nilitaka kuona kama damu itatoka.»

Muuzaji aliifuta filamu palepale kwenye kompyuta yake bila kuinua macho.

Tukiulizwa kama filamu inawafaa vijana, sisi wazazi tunatafuta uchi tu. Hofu hatuiulizii. Nilipofika nyumbani nilimuuliza mwanangu wa miaka kumi na minne kama ameiona.

«Mara mbili, papa,» alisema, huku akinitazama sana.

Tangu siku hiyo nachekacheka ovyo nyumbani, asije akanishuku.