Kigurudumu cha Tatu

Jirani yangu, fundi wa saa, anatengeneza gari la jeshi la Wajerumani la wakati wa vita kuu ya pili, dogo kama kiatu cha mtoto. Bati lake ni la makopo ya sadini. Mikono yake mikubwa hutulia tu inaposhika kitu kidogo, na kila kipande hukipuliza kwanza, kama anayepoza uji. Kwa miezi saba alitaka jambo moja: ukizungusha usukani, magurudumu yaufuate. Jana asubuhi aliuzungusha kushoto, magurudumu yakaenda kulia. Alikuwa ameunganisha vigurudumu viwili vya meno, vya saa mbovu, mahali palipohitaji vitatu, na sandukuni hakikubaki cha kipimo kile.

“Papa, achaka tu vile,” mkewe Mwajuma akamwambia. “Nani atajua?”

“Ule atashika volan,” fundi akajibu, akiugusa usukani.

“Ule muntu ya vidole kama ya panya?”

Fundi akacheka naye, akavua saa ya mkononi mwake, akaifungua.

Leo gari linakata kona vizuri, na fundi wa saa, huku akitabasamu, ameniuliza mara tatu ni saa ngapi.