Damu ya Mama Ngoie

Siku ya kwanza niliingia labo ya hospitali, hapa Kamina, Shefu wa labo alinipa fagio na kunipima kwa macho. "Mama Monga, hapa unafagia, unanyamaza." Bwana yangu, fundi wa njia ya reli, alikuwa ameisha kufa, na minyi nilisoma mpaka mwaka wa ine tu. Kufagia nilifagia. Kunyamaza kulinishinda.

Nawaandikia ninyi batoto munaoingia mu labo leo na blouse zenu nyeupe. Muliniuliza kazi ya kansa na gene ilikuwa namna gani wakati wetu. Nitawaambia. Musingojee niseme na sauti tamu.

Kijana aliyekata nyama za bagonjwa alipoondoka kwenda kuchimba mawe, Shefu aliniita: "Weye mwenye mudomo, leta mikono." Akanifundisha. Kipande cha uvimbe kinaingia kwanza mu formol, ile maji yenye kuchoma macho, ili kisioze. Kisha alkoli, ya kukamua maji yote. Kisha parafini ya moto, nta kabisa, inaingia mpaka ndani ya nyama. Ikipoa unapata bloki, kama kipande cha sabuni, na nyama imelala katikati. Bloki unaikata na kisu cha mashine, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaviweka ku kioo na kuvipaka rangi. Bloki yenyewe unaitunza mu kabati, maana muntu akitaka kusoma gene kesho, nyama ingali pale.

Mu miaka ile ya tisini alikuja Dokta Mutafiti kutoka Lubumbashi. Alitafuta kansa ya taya, ile inavimbisha shavu ya batoto, hasa kule ku ziwa. Nilimuuliza gene ni nini. Akacheka, akasema: "Weye muke wa reli utaelewa. Gene ni maandiko ndani ya mwili. Ingine inaambia nyama ya mwili: zaa, ongezeka. Ingine: simama. Mu hii kansa, kipande cha njia kinakatika, kinajiunga ku njia ingine. Ile ya kusema zaa haioni tena signal ya kusimama. Train inakimbia tu." Alinifasiria muzuri. Alinifasiria minyi, mwenye fagio.

Kisha akafika Mama Ngoie wa Kinkondja, kule kule ku ziwa. Alipanda mutumbwi mpaka Bukama, halafu train ya kupitia Luena, mutoto wake Banza ku mugongo. Shavu la mutoto lilikuwa limevimba mpaka jicho lilisukumwa nje, meno yanatikisika. Mama-bukwe yake alikuwa ameisha kutoa hukumu: hii inatoka mu damu ya muke. Nyumbani kwa bwana yake bote balingoja hospitali iseme.

Mbele ya kukata kipande, Mama Ngoie aliuliza polepole: "Dokta, na damu yangu, unasema nini?"

Dokta alikuwa ananawa mikono. "Damu yako hatuitake, mama. Tunataka nyama ya mutoto tu."

Mama Ngoie akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika kisahani karibu naye. Akanong'ona: "Umesikia? Hata yeye haitake. Ni vile vile banasema kwetu."

Nilimufuata Dokta mu kolidoo. "Dokta, yule mama haongei juu ya sindano. Anauliza kama damu yake, ukoo wake, njo inaua mutoto."

"Mama Monga, tutatuma bloki Ulaya, basome gene. Jibu ikirudi nitamufasiria yote mara moja."

Nikamurudilia Mama Ngoie na ile neno: ngoja jibu.

Sindano za dawa ya kansa zilianza. Shavu likashuka haraka, mutoto akaomba bukari, ule ugali wetu, na samaki, mama yake akacheka mpaka tukacheka sisi wote. Halafu vita. Baaskari bakajaa ku base ya jeshi, train ikakatika, dawa ikaisha mu farmasi. Shavu likarudi, na Banza akafa. Dokta alipata nafasi mu ndege, akaacha kabati lote la bloki. "Nitarudi," alisema. Mama Ngoie akarudi ku ziwa bila mutoto, anangoja jibu.

Umeme ukakatika, na bougie, ile mishumaa ya kuwasha usiku, zikakosekana. Siku moja Jestionere, mutunza mali wa hospitali, akaingia na sufuria.

"Mama, kumbe muko na bougie mingi hivi humu?"

"Haiko bougie. Ni bantu."

"Bantu gani banakaa mu kabati? Beko banalipa nyumba?" Akacheka peke yake. "Yeyusha."

"Yeyusha weye."

Akayeyusha. Shefu wa labo aliangalia viatu vyake. Vile vipande vya nyama Jestionere alivichuja na kuvimwanga mu shimo, kama makapi ya mafuta. Zile bougie hazikufika hata mu chumba cha kuzalisha. Zilienda kwake, alikokaribisha bakubwa ba jeshi. Balikula kuku chini ya mwangaza wa batoto baliokufa, na nyumba ilinuka formol.

Vita vilipotulia, Dokta akarudi, sasa anaitwa Profesa. Nikamuonyesha kabati. Akashika kichwa: "Kazi yangu yote!" Nikamuacha alie. Kisha nikamuuliza: "Na jibu ya Mama Ngoie?"

"Jibu gani?"

"Kama ni damu yake."

"Ah, ile? Ile ilijulikana tangu zamani. Kile kipande kinakatika mu mwili wa mutoto mwenyewe, hakitoke kwa mama. Minyi nilitafuta kitu kingine: juu ya nini dawa inashika huyu, inamuacha yule."

"Ulijua mbele ya kukata?"

"Kila muganga wa kansa alijua."

"Na hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

"Alikuuliza. Alikuuliza na Kiswahili."

Nilienda Kinkondja minyi mwenyewe. Nilimukuta Mama Ngoie anapasua samaki ya kukausha. Kwa bwana yake balisikia kama Dokta hakutaka damu yake, bakamufukuza, binti yake aliyebaki bakamushika, bakamufundisha kumuita mama yake "ule muke". Nikamwambia yote. Akaweka kisu chini.

"Alijua tangu lini?"

"Mbele ya kukata."

"Twende ukabaambie."

Tulisimama mu kiwanja cha mama-bukwe yake. Nilisema. Ule muzee hakutuambia hata tukae.

"Na weye ni nani ku hospitali?"

"Nakata nyama za bagonjwa, naziweka ku vioo."

"Dokta njo aliyekatala damu yake. Dokta akuje aseme."

Nilimwambia Profesa. Akasema njia ni mbaya, atapita siku ingine. Hakupita.

Sasa nimepumzika kazi, magoti yanauma, na banangu banasema hasira itaniua. Iniue. Munaoshika sindano na kisu leo, mbele ya kutwaa nyama ya mutoto wa muntu, mumuambie mama yake kile munachokijua tayari, na mu luga yake. Musimufanye angoje Ulaya. Bloki ziliungua, na nilizililia. Lakini jibu ya Mama Ngoie haikuwa mu bloki. Ilipita vita vyote ndani ya kichwa cha muntu mumoja, moto haukuigusa, na binti ya Kinkondja mpaka leo hamuite mama yake mama.