Lori Lililokataa Mlima Siku ya Maandalio

Lori la mjomba wangu lilikuwa na sauti mbili, na Ijumaa ile tuliipoteza moja. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kusimama, mkoromo mzito wa paka aliyeshiba. Ya pili ilizaliwa mguu ulipokanyaga mafuta. Ilipanda kutoka chini ya kiti, ikaingia mgongoni, na mtu akajua kwamba mlima ulio mbele si kitu. Nilikuwa kwenye likizo ya chuo, nikisafiri naye kati ya Migori na Homa Bay kwa sababu nilitaka kuandika riwaya na nilidhani riwaya ziko barabarani.

Mjomba alikuwa Msabato. Kwao Ijumaa ni siku ya maandalio: nyumba hufagiliwa, nguo hufuliwa, chakula cha kesho hupikwa, ili jua likizama mkono usishike kazi. Nyumba yake ilikuwa Migori, nasi tulikuwa Homa Bay. Kwa hiyo alilisafisha lori, akalisafisha kama mama anayengojea wageni. Alifunga plagi mpya. Akaichomoa distributa, kile kikombe kinachogawia plagi moto, akaiogesha katika mafuta ya taa mpaka doa la mwisho la grisi likatoka. Pointi zake, zile ncha ndogo zinazozaa cheche, alizipiga msasa, akapima mwanya kati yake kwa kipande cha pakiti ya sigara ambacho yeye, asiyevuta, alikiokota mbele ya duka huku akitazama kando. Alipoliwasha, lori lilikoroma laini kuliko siku zote.

"Sikia, okewa," aliniambia. Ndivyo mjomba amwitavyo mtoto wa dada yake kwa Kijaluo. "Hata injini inajua Sabato inakuja."

Abiria wetu alikuwa mmoja, mama muuza samaki, mjane mwenye sauti pana, sufuria ya kukaangia na vikapu viwili vya ngege wabichi waliofunikwa nyasi zilizoloweshwa. Hawakuwa wa kuuza. Kesho yake wanawake wa kwao wangepeleka chakula kwa wakwe zake karibu na Rangwe, mara ya kwanza tangu binti yake aolewe. Wenzake wangeleta kuku na unga. Samaki walikuwa juu yake. Ilikuwa lazima afike kwa rafiki yake huko Rangwe jioni ile, awakaange. Ngege mbichi hangojei kesho kwenye joto lile, na samaki akinuka mbele ya wakwe, harufu ile humkalia binti kama jina.

Tulipoacha ziwa na barabara kuanza kupanda, mjomba alikanyaga mafuta. Lori likavuta pumzi, likakohoa kidogo, likabaki vile vile. Akakanyaga mpaka chini. Mwanamume aliyekuwa akiswaga ng'ombe kando ya barabara alitupita bila kuharakisha.

"Jasabato," mama yule aliita kutoka nyuma, "kwani tunasindikiza maiti?"

"Linapasha moto, mama."

"Basi mimi nashuka nitembee, linikute Rangwe."

Alisema kwa mzaha, lakini aliinua nyasi akachungulia samaki, na nilipogeuka nilimwona akitazama jua. Sote tulijua sheria ya mjomba. Jua likizama alisimama popote alipo, hata katikati ya matope, akalala humo mpaka jioni ya kesho yake.

Tulisimama chini ya mlima. Mjomba alifungua boneti, akafuata kila waya wa plagi kwa kidole, asije akawa ameupeleka kwa plagi ya jirani. Zote zilikuwa kwao. Alikagua bakuli la kuchujia petroli, likawa safi. Kisha akalegeza distributa na kuizungusha kidogo ili moto ufike mapema, lori likiwa limesimama linanguruma. Mngurumo ukapanda. Tukaingia kwa furaha, tukapanda kidogo, na injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga debe tupu. Akairudisha ilipokuwa. Kugonga kukakoma, na nguvu nazo zikakoma.

Jambo hili lilinishika. Sikuwa fundi, wala sikujua jina la nusu ya vitu vile, lakini niliona ajabu kwamba injini hiyo hiyo ilipenda moto wake mahali pamoja ikiwa imepumzika na mahali pengine ikiwa inakimbia.

"Mjomba," niliuliza, "ukiwa barabarani, nani huizungusha?"

"Nani azungushe nini?"

"Hiyo distributa. Wewe uko ndani umeshika usukani. Nani huku nje anausogeza moto mbele mbio zikiongezeka?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nani husukuma damu.

"Inajizungusha," alisema polepole. "Ndani, chini, kuna vyuma viwili vidogo vyenye springi. Shafti, huo mhimili wa katikati, ikizunguka kwa kasi vinatanuka, kama sketi za katani za wachezaji ngoma. Vikitanuka, vinausogeza moto."

"Na leo vimetanuka?"

Alifungua kifuniko, akashika kile kimkono kinachozunguka katikati na kukipinda kwa vidole viwili. Kilisogea kwa shida, kikabaki pale pale alipokiacha.

"Inatakiwa kirudi chenyewe," alisema.

Mama muuza samaki alikuwa ameshuka, naye akainamisha kichwa chake katikati ya vyetu.

"Kimekauka," alisema. "Ulikiondolea mafuta?"

"Nilikisafisha."

"Wewe ungesafisha sufuria ukatoa hata mchuzi."

Mjomba alicheka peke yake, cheko fupi la puani. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiacha kidondoshe tone moja, kisha jingine, katikati ya ile shafti aliyoipendezesha tangu asubuhi. Akakipinda kimkono na kukiachia, akakipinda tena. Mwanzo kilisita. Kisha, chini ya kidole chake, kikaruka kurudi. Aliniachia nijaribu na mimi. Nilikipinda mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuhisi kitu nisichokiona kikinivuta vidole.

Mlima tuliupanda kwa gia ya tatu. Mama yule alianza wimbo wa kanisa lake, la Kikatoliki, na mjomba hakumkataza. Lakini jua halikuwa limetungoja. Lilizama tukiwa tumekwisha kuona mabati ya soko la Rangwe, upande wa pili wa bonde, na moshi wa jikoni ukipanda. Mjomba alisogea kando ya barabara, akazima injini, akaweka ufunguo mfukoni, akavua shati la grisi na kuvaa jeupe.

Nilitarajia ugomvi. Mama alikunja leso, akaifanya kata, akajitwisha kikapu kimoja. Kikapu cha pili kilibaki kwenye ubao wa lori. Mjomba alikitazama kitambo, kisha akakiinua begani kwenye shati lake jeupe la ibada.

"Na hiyo si kazi, Jasabato?"

"Hii ni kutembea, mama. Samaki nao wanatembea."

"Wamekufa hawa."

"Basi tuharakishe."

Walishuka bondeni mmoja nyuma ya mwingine, maji ya nyasi yakichuruzika mgongoni mwa mjomba, nami nikafuata na ile sufuria ya mama ya kukaangia.