Nimelala, Bibi

Kinyakyusa kina salamu ya asubuhi ambayo mwaka jana iliniudhi kupita kiasi: "Ugonile?" Maana yake, umelala? Na jibu ni "Ndaga," yaani asante, hata kama umekesha ukihesabu mabati ya paa. Mimi nilikuwa nayahesabu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi hapa Tukuyu, na nimepata sapu ya somo la dawa. Asiyejua sapu amshukuru Mungu wake. Ni mtihani wa kurudia. Ukifeli tena umedisko, unafungasha begi na kwenda kuwatazama usoni waliouza ndizi ili usome. Nilikuwa na wiki sita. Nikajifungia kwenye chumba nilichopanga, nikaacha netiboli, nikaacha hata kutembea kwenda sokoni. Kutwa niko kwenye kiti nasoma ukurasa uleule, na moyo unaenda mbio wakati mwenye moyo amekaa. Niliogopa sana.

Ndipo shangazi akapiga simu. Aliyekuwa akimkatia bibi majani ya ng'ombe kule Kawetele ameondoka, bibi mgongo unamsumbua, na mimi ndiye niliye karibu. Nilikasirika kweli. Mtu ana sapu, anapewa ng'ombe! Lakini shangazi haambiwi hapana, nikahamia kwa bibi nimenuna. Habari za sapu sikumwambia.

Kila asubuhi nilishuka bondeni na mundu, nikakata majani, nikapanda na mzigo kichwani kwenye kilima kinachoteleza, kisha nikaoga na kwenda chuo kwa miguu. Siku za kwanza mapaja yaliuma hadi ngazi za darasani nikawa nazishuka kinyumenyume. Bibi alinicheka. Alisema chuo kimenifundisha kukaa tu.

Daftari sikuweza kulishika, mikono ilikuwa na kazi. Nikaanza kukariri kwa sauti: jina la dawa, halafu madhara yake, nimeyatafsiri Kiswahili ili yaingie. "Kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuchoka." Hatua moja, neno moja. Yakaingia! Siku niliyoanza kulala siijui. Nilishangaa tu kwamba jogoo ananiamsha.

Kumbe jirani alikuwa shambani kwake, nyuma ya migomba, ananisikia kila siku.

Asubuhi moja nafika na mzigo, bibi amesimama mbele ya banda, khanga ameikaza kiunoni.

"Tua hayo majani. Sasa hivi!"

Nikatua.

"Ina miesi mingapi?" akauliza, kwa Kiswahili chake kisicho na z.

"Nini, bibi?"

"Mimba! Watu wanakusikia njia nsima, kichefuchefu, kutapika. Ndiyo maana umeletwa kwangu?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya majani, mara ya kwanza tangu matokeo yale. Kisha kicheko kikageuka kilio, na bibi akaona hapo ndipo nimekiri. Ilibidi nilete daftari. Hasomi, lakini nilimtajia madhara ya dawa yake ya presha, akakubali kwamba kizunguzungu anakipata kweli. Halafu nikamweleza yote: sapu, kiti, mabati.

Alilifunga daftari, akanirudishia.

"Na mimi kila siku nakuulisa umelala," akasema. "Unanijibu ndaga!"

Niliona aibu, na papo hapo nikajisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa wiki zile zote.

Siku ya mtihani, swali la kwanza lilikuwa madhara ya dawa. Niliandika huku miguu inatikisika chini ya dawati, ikipanda kilima chake. Baada ya wiki kadhaa majibu yakabandikwa ubaoni. Nimefaulu. Nilisoma namba yangu mara tatu, nikatembea hadi Kawetele nikitabasamu peke yangu njiani, jirani na aseme atakalo. Bibi nilimkuta anamenya ndizi. Nilipomwambia alisema ndaga, akaendelea kumenya, ila safari hii akawa anaimba.

Kesho yake aliniamkia mlangoni kama kawaida.

"Ugonile?"

"Nimelala, bibi," nikasema kwa Kiswahili, ili lisiwe jibu la mazoea. "Nimelala mpaka asubuhi."

Akanitazama tumbo kwanza, akanitazama uso. Kisha akanipa mundu.