Mtungi Uliojazwa Jumanne

Nzilani si mtu wa kupiga kelele, lakini Alhamisi ile alipiga. Mashine ya CD4, ile inayohesabu askari wa mwili kwenye damu, ilikuwa ikilia tangu asubuhi, na kila mtu kwenye kliniki yao ndogo hapa Voi alimtazama yeye. Wamtazame nani mwingine? Ni yeye aliyeizoea miaka tisa.

Akaanza na yale ya kawaida. Mtungi wa taka haukuwa umejaa. Mipira haikuwa imekunjika. Akatoa hewa, mapovu yakarudi. Akaosha kwa dawa, presha ikapanda, ikashuka tena. Mwishowe akafungua kichujio, na lo! Ndani mlikuwa na ukoko mweupe, ule ule unaoganda kwenye sufuria za chai za Voi nzima.

Hasira zikampanda. Mashine ile hutumia maji yake maalum ya kununua, yanayokuja kwenye mtungi wake, ndiyo hubeba damu mbele ya taa ya kuhesabia. Kumbe kuna mtu ameinywesha maji ya bomba!

"Mutheu!" akamwita msafishaji. "Ni nani alijaza huu mtungi? Unataka kuniulia watu?"

Mutheu akasimama, mopu mkononi. "Si mimi, dada. Jumanne maji yalipotoka nilikuwa mazishini Marungu. Nilirudi nikapata kila kitu kimejaa, nikashukuru."

Jumanne. Nzilani akakaa chini. Bomba lilikuwa kavu siku kumi na moja, na lilipokohoa alifanya anachofanya kila mtu wa Voi, alichofunzwa na mamake tangu utotoni: maji yakija, chombo hakiachwi kitupu. Akajaza ndoo, beseni, birika. Na ule mtungi mtupu wa mashine, lebo yake bado iko, akaujaza kwa mikono yake mwenyewe akausukuma chini ya meza. Jumatano, watu wamejaa mlangoni, akauvuta akauunganisha bila kufikiria. Damu ya majaribio, ile ya kupima kama mashine inasema kweli, ilikataa mara mbili. Mara ya tatu ikakubali, akasema asante Mungu, akaendelea. Ee, Nzilani! Haraka haraka haina baraka, na ulijua.

"Nisamehe, Mutheu," akasema. "Ni mimi."

Kabla mashine haijagoma ilikuwa imetoa majibu ya mtu mmoja tu, maana wengine wa Jumatano walikuja kwa vipimo vingine: Syokau wa Kishushe, anayeishi na virusi, aliyekuja akilalamika kichwa kinauma wiki mbili. Majibu yalisema mia nne na kumi. Akaambiwa kinga iko sawa, akapewa dawa za maumivu, akaenda zake.

Damu yake iliyobaki ilikuwa bado kwenye raki. Nzilani akabadilisha kichujio, akaosha mipira, akaunganisha mtungi mpya ambao bado ulikuwa na muhuri wa kampuni. Damu ya majaribio ikakubali mara tatu mfululizo. Ndipo akaweka ya Syokau.

Sitini na mbili. Chini ya mia mbili, kichwa kinachouma wiki mbili huweza kuwa fangasi kwenye ubongo.

Alipiga simu mara saba ndipo mtandao wa Kishushe ukashika.

"Mama, ni Nzilani wa maabara. Tafuta pikipiki, lori, chochote, urudi leo leo. Ile namba ya jana si ya kweli. Nilikosea mimi."

Syokau akajibu: "Na nilisimama kanisani jana jioni nikatoa ushuhuda, daktari. Walinipigia makofi."

"Pole sana, mama. Kichwa je?"

"Tangu asubuhi naona watu wawili wawili. Nikasema ni uchovu tu, kwa sababu nyinyi mlisema niko sawa."