Baraza liliniamuru nipige mwano kama siku ile, nami nikapiga

Wakuu, salamu. Shikamooni wote mlionizidi umri humu ndani, ingawa nina miaka themanini na minane na sidhani kama mpo. Waliobaki, marahaba.

Nimesoma uzi wa juzi kuhusu kesi za ubakaji, mnavyolalamika kwamba zinapigwa tarehe mpaka shahidi anahama mkoa. Nimesoma komenti zote, hata za wanaotukana. Mjukuu wangu hapa Kalangalala ananiambia, bibi weka simu chini, macho yako. Nimemwambia leo macho yatavumilia.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, upande wa Kishapu, kabla ya uhuru. Ni kweli yote. Nikiongeza chumvi mahali nitasema hapa nimeongeza chumvi.

Naitwa Minza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa Mzee Masunga, mkulima wa pamba.

Msimu wa kuuza pamba nchi yetu ilikuwa nyeupe, kana kwamba mawingu yamechoka kukaa juu yakashuka kupumzika vichwani mwa watu. Tulitoka alfajiri na mafurushi, tukapanga foleni mbele ya ghala, tukamsubiri karani wa mizani.

Karani huyo tulimwita Mizani tu. Suruali imepigwa pasi, penseli nyuma ya sikio. Siku hiyo akaniambia furushi langu lina kasoro, nimfuate ghalani likapimwe upya.

Nikamfuata. Msiniulize kwa nini nilimfuata. Baraza lilishaniuliza mara nne.

Ndani pamba ilijaa mpaka kwenye mabati. Akanisukuma, nikaanguka, akaniangukia, akaanza kunivua nguo. Nikapiga yowe.

Wakuu, yowe ndani ya ghala la pamba halifiki popote. Linazama. Nililisikia yowe langu likiingia kwenye ule weupe na kulala humo, kama mtu aliyefika kitandani baada ya safari ndefu.

Hata hivyo Mizani aliogopa, akaniziba mdomo kwa mkono. Nikamng'ata kidole gumba. Sikukiachia mpaka meno yalipokutana na mfupa.

Sasa yeye ndiye aliyepiga yowe, huku anakimbilia mlangoni, na kwa kuwa alikuwa mlangoni akasikika vizuri sana. Watu wakaja kumpa pole.

Hakumaliza alilokusudia. Lakini pale alipofika palitosha kuninyima usingizi kwa miezi.

Baba akanipeleka barazani kesho yake. Baraza lilikuwa na wazee watatu. Mzee Ngassa ndiye mkubwa wao, na wale wawili walikuwa wanakubaliana naye hata kabla hajasema. Pembeni alikaa mwandishi wa baraza na daftari lake kubwa.

Tukakuta Mizani ametutangulia. Amefungua kesi ya kung'atwa, na maelezo yake yameshaandikwa. Kidole kimefungwa kitambaa cheupe, amekiinua juu kama taa.

Mzee Ngassa akasema, "Tuanze na kesi ya kidole. Kidole kipo, kinaonekana. Hilo la binti halionekani."

Kesi ya kidole ilikwisha kabla jua halijafika utosini. Nilipatikana na hatia. Nikaamriwa kupalilia shamba la baraza siku sita, na nikapalilia siku sita, Mizani akipita na baiskeli yake na kunitakia kazi njema.

Kesi yangu ikaahirishwa.

Mara ya kwanza wino ulikauka. Mara ya pili ng'ombe wa mzee mmoja waliingia kwenye mtama wa mzee mwenzake, wote wawili wazee wa baraza, ikabidi kwanza wapatanishwe. Mara ya tatu mwandishi alikuwa anaoa. Mara ya nne alikuwa bado anaoa.

(Hapa nimeongeza chumvi. Alikuwa ameshaoa, ila alikuwa amechoka.)

Kila mara mimi na baba tulitoka alfajiri kwenda na kufika nyumbani usiku. Njiani watu wakaanza kunitania. "Minza, bado unakwenda kwa kidole?" Mama akaniambia, "Mwanangu, acha. Nani ataoa binti mwenye kesi?"

Sikuacha, na sababu ni moja. Mizani alikuwa bado yuko kwenye mizani. Kila asubuhi wasichana walipanga foleni mbele yake na mafurushi yao kichwani, na baraza likisema nimesema uongo, basi kila mmoja wao angekuwa muongo kabla hajafungua mdomo.

Mara ya tano tukasikilizwa. Nilifikiri nitasema. Kumbe wa kuulizwa alikuwa baba.

"Masunga, binti yako aliogopa?" akauliza Mzee Ngassa.

"Si huyu hapa? Muulizeni."

"Tunakuuliza wewe mwenye binti."

"Mimi sikuwepo, mzee."

"Mwandishi, andika. Baba hakuwepo."

Mwandishi akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri sana.

Halafu wakafika kwenye mwano. Kwa wasiojua, mwano ni yowe letu Wasukuma la kuita msaada. Ukilisikia unaacha ulichoshika, unachukua silaha, unakimbia linakotoka, na ukiwa njiani unalipiga na wewe ili wa kilima cha pili wasikie. Asiyeitika anatengwa na kijiji, hata moto haazimwi. Na aliyelipiga lazima awaonyeshe waliokuja adui yuko wapi.

"Mwanamke asiyetaka hupiga mwano," akasema Mzee Ngassa, safari hii akinitazama mimi. "Wewe ulipiga?"

"Nilipiga, mzee."

"Hakuna aliyesikia."

"Pamba ililimeza."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Akauliza kama pamba hiyo ilikuwa na njaa.

Mizani akainuka kwa adabu. "Wazee wangu, huyu hakupiga. Alinyamaza kama maji mtungini."

Mzee Ngassa akaegemea kiti. "Basi binti, piga hapa tukusikie. Tupime kama sauti unayo."

"Nipige kama siku ile?"

"Kama siku ile ile."

"Mzee, leo ni siku ya gulio. Watu wamejaa hapo chini."

"Unatufundisha siku?"

"Hapana, mzee."

Nikamtazama baba. Alisogea hatua mbili pembeni, kama mtu anayepisha ng'ombe.

Nikapiga.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Lilikuwa yowe la miezi mitano. Lilitoka chini, kwenye magoti, likapita tumboni ambako lilikuwa limelala na pamba yote ile, na lilipofika kinywani halikuwa langu tena. Kuku wa baraza walipanda juu ya paa. Nilipomaliza tukasikia mwingine analipokea kule gulioni. Kisha mwingine kilimani. Kisha mbali, kule ambako sikumjua mtu.

Mzee Ngassa akasema taratibu, "Sasa hili..."

Hakumaliza. Walikuwa wameshafika.

Walikuja na mikuki, pinde, marungu, majembe. Mchinja nyama alikuja na kisu chake na maini mkononi. Mama mmoja alibeba mchi. Mtu mmoja alikuwa anang'olewa jino gulioni, akaja akikimbia, na fundi wake akimkimbilia pembeni bado ameshika koleo, jino halijatoka. Kikundi cha ngoma kilikuja kizima na chatu wao shingoni mwa mchezaji, naye chatu anashangaa kama sisi.

Watu kama mia mbili. Hapo sijaongeza chumvi.

Mwandishi aliingia chini ya meza na kujifunika daftari. Mizani alijaribu kutoka kila upande, na kila upande ulikuwa na mtu ameshika kitu.

Mzee Ngassa akasimama juu ya kiti. "Rudini! Tulikuwa tunajaribu tu!"

Kiongozi wao alikuwa kijana mmoja, Jilala, mkuu wa vijana wa kulima kwa pamoja. Akamjibu kwa heshima kabisa. "Shikamoo mzee. Mwano haujaribiwi. Tumeacha biashara zetu. Aliyepiga ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Dada, adui yuko wapi?"

Nawaapia, nilikuwa sijapanga hilo. Ningeweza kumnyooshea Mizani kidole na pale pale wangemmaliza, na nisingekuwa nimesema neno hata moja. Na mimi miezi mitano nilitaka kitu kimoja tu, kusema.

Nikawaambia, "Kaeni chini kwanza niwaeleze."

Wakakaa. Watu mia mbili na chatu. Nikawasimulia tangu furushi mpaka kidole, bila kuulizwa baba yangu alikuwa wapi. Hakuna aliyenikatiza isipokuwa yule mwenye jino, ambaye alikuwa anaugulia.

Nilipomaliza Jilala akamgeukia Mizani. "Kaka, wewe unasema alinyamaza?"

"Alinyamaza kabisa."

"Sasa kidole chako kiliingiaje kinywani mwake?"

Mizani akakificha kidole nyuma ya mgongo.

"Ulikuwa unampima meno?" akauliza yule mama mwenye mchi.

Watu wakacheka, lakini Jilala hakucheka. Akainama chini ya meza. "Mwandishi, kesi ya kidole si mliiandika? Tusomee alivyosema mwenyewe."

Mwandishi akasoma kutoka huko huko chini. "Mlalamikaji anasema, alimziba mshitakiwa mdomo ili asiendelee kupiga yowe, ndipo mshitakiwa akamng'ata."



Ilikuwa imeandikwa, wakuu. Kwa wino wao, kwa mwandiko mzuri, tangu siku ya kwanza. Wazee watatu waliweka dole gumba juu ya ukurasa huo. Nililipa siku sita kwa neno lililonipa haki, na hakuna aliyelisoma kwa sababu walikuwa wanaangalia kitambaa cheupe.

Jilala akamuuliza Mzee Ngassa, "Mzee, mtu asiyepiga yowe anazibwaje ili asiendelee?"

Mzee Ngassa alisema atatoa hukumu wiki ijayo.

Jilala akasema hakuna tabu, watasubiri hapo hapo. Mpiga ngoma akaweka ngoma chini akaikalia.

Hukumu ikapatikana siku hiyo hiyo. Mizani akapelekwa Shinyanga mjini na matarishi wawili wa baraza, akafungwa, na hakurudi tena kwenye mizani yetu.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi ni mchana ule wenyewe. Mwano ulikuwa umefika mbali, kwa hiyo watu waliendelea kufika mpaka alasiri, makundi kwa makundi, wamejaa vumbi, wanauliza adui ni nani. Mimi nilikuwa nimeishiwa sauti. Wakawa wanasimuliwa na waliotangulia. Mchinja nyama alisimulia. Mama mwenye mchi alisimulia mara tatu, na kila mara kidole kilizidi kuwa kirefu. Nilikaa kivulini na baba, nikasikiliza watu nisiowajua wakisema yaliyonipata, na hakuna aliyeuliza kwa nini nilimfuata.

Baba alilia kidogo. Alisema ni vumbi, nikakubali ni vumbi.

Msidhani baraza halikujifunza. Lilijifunza. Mwezi uliofuata walibandika mlangoni amri mpya, mwandiko ule ule mzuri. Nilimwomba mwalimu wa dini anisomee. Ilisema kuanzia sasa mwanamke yeyote mwenye kesi ya namna hiyo haruhusiwi kupiga mwano karibu na baraza siku ya gulio.

Basi. Hayo ndiyo mabadiliko ya sheria niliyoyaleta nchini.

Na hukumu ya kidole haikufutwa. Kama daftari lile halijaliwa na mchwa, mimi hadi leo ni mhalifu.

Nilichojifunza nakisema bila kupamba. Wengi humu mtasema bibi alipata haki yake. Nilipata, ndiyo, na ndicho kinachoniudhi. Kwa nini nilihitaji mikuki mia mbili ili mtu mmoja aulize swali moja la akili? Wasichana waliokuwa na kesi zao siku ambazo si za gulio, wao walimwita nani? Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, na mume wangu alikuwa mtu mwema.

Mkikaa kwenye kiti cha kusikiliza, ndugu zangu, msikilizeni mwenye jambo lake kabla hamjamsikiliza baba yake, na someni mlichoandika wenyewe.

Komenti ziko wazi. Mliowahi kusimama na kesi kama hii, niambieni swali la kwanza mliloulizwa lilikuwa lipi. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.