Uongo wa Mama Futi

Mtaani hakuna aliyemwamini Mama Futi aliposema nguo iko karibu. "Imebaki vifungo tu," angekuambia, na kitambaa chako hata mkasi hakijauona. Fundi cherehani huyo, mjane asiye na mtoto, aliyepewa jina kwa futi aliyoning'iniza shingoni, alidanganya kwa uso mkavu miaka thelathini, na wateja wakarudi vilevile, maana mkono wake haukuwa na mpinzani.

Mwaka jana aliokota mtoto wa tumbili kando ya mama yake aliyeuawa na umeme wa nguzoni. Akamlaza kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Akakulia humo. Akitaka kubebwa alinyoosha mikono yote miwili, na Mama Futi akaacha nguo za watu ampakate. Alipoanza kung'ata wateja, ikabidi ampeleke kwenye kituo cha kulea wanyama yatima na majeruhi. Alilia njia nzima ya kurudi.

Leo ndiyo mara ya kwanza anakanyaga tena pale. Mtunzaji, dada mmoja mpole mwenye daftari, alimsimamisha hatua chache kutoka kwenye wavu uliowazunguka tumbili.

"Mama, kundi lake tunaliachia porini Jumatatu. Ila akikukimbilia, yeye atabaki hapa. Tumbili anayefuata watu huko nje hamalizi mwezi. Tafadhali usimwite."

"Nimwite ili iweje?" akajibu kwa ukali. Ukweli ni kwamba wiki nzima alikuwa akiomba asisahauliwe.

Alimjua kwa sikio lake lililochanika. Kanenepa, anamchambua mwenzake manyoya. Akainua kichwa, akamtazama. Mama Futi akauma ulimi. Tumbili akasogea mpaka kwenye wavu, akanyoosha mkono. Kisha wa pili.

Hapo tumbili mdogo mmoja akamvuta mkia. Mikono ikashuka. Akageuka, akamfukuza mchokozi yule hadi kileleni mwa mti, wala hakutazama nyuma tena.

Mtunzaji, aliyekuwa ameinamia daftari, akainua macho. "Nimeona kama alinyoosha mikono?"



"Alikuwa anajikuna," akasema Mama Futi, uso mkavu kabisa. "Andika hivyo, mwanangu. Jumatatu aende na wenzake."